Mwongozo kamili wa kunakili "Flora" ya Rembrandt kwa rangi za mafuta

Nakala nyingi ninazoletewa nizitazame zimekwama mahali pamoja. Kofia imekaa vizuri, uso unaelekea kufanana, ila ule mkono mpana wa blauzi nyeupe umekufa. Ni mweupe mtupu, hauna uzito wa nguo, umejitenga na bega. Vivuli navyo vimechafuka, vimekuwa vya kijivu.

Chanzo ni mpangilio wa kazi. Wengi wanaanza na turubai jeupe, kisha wanatafuta mwanga kwa kuongeza nyeupe na giza kwa kuongeza nyeusi. Wachoraji wengi wa enzi za Baroko, hasa karne ya 17 huko Ulaya, walikwenda kinyume na hapo: walianza juu ya turubai lililokwisha kutiwa rangi, wakaacha vivuli viwe vyembamba, wakalundika rangi nzito pale tu mwanga unapogonga. Ukishika hilo, hatua zote zilizo hapa chini zitakuwa na maana.

Picha tunayonakili ni Flora, mungu wa kike wa maua na majira ya kuchipua katika dini ya Warumi wa kale. Rembrandt, mchoraji Mholanzi wa karne ya 17, aliichora mnamo 1654 hivi, na sasa iko Metropolitan Museum of Art, New York. Ina urefu wa sm 100 na upana wa sm 91.8. Zipo Flora zake nyingine mbili maarufu, ya 1634 iliyoko Hermitage, St. Petersburg, na ya 1635 iliyoko National Gallery, London. Hizo ziache kwanza. Zimejaa mavazi ya fahari na maua ya kina, na mwanafunzi huishia kufuata uzi mmoja mmoja huku mwanga wa picha nzima ukimponyoka. Hii ya New York ina maumbo machache makubwa: kofia pana, uso uliogeuzwa upande, blauzi nyeupe, aproni ya njano iliyobeba maua. Inafundisha jambo moja, na inalifundisha vizuri.

## Vifaa

Fremu na kitambaa. Tengeneza fremu ya mbao yenye urefu wa sm 50 na upana wa sm 46, yaani nusu ya picha halisi. Vipimo vitakuwa rahisi kuhamisha, na hakuna atakayeidhania kuwa ni picha yenyewe. Kitambaa kiwe merikani nzito isiyopaushwa, au turubai la wachoraji ukilipata. Kata kipande chenye ziada ya sm 5 kila upande ili upate cha kukunja nyuma.

Jeso ya kopo (rangi nyeupe ya kuandalia turubai), brashi pana ya kuipakia, na msasa laini.

Rangi za mafuta. Majina ya rangi hubadilika kutoka kiwanda hadi kiwanda, lakini namba ndogo ya rangi iliyochapishwa kwenye tyubu haibadiliki. Nunua kwa namba:

- nyeupe ya titani, PW6
- oka ya manjano (njano ya udongo), PY43 au PY42
- amba mbichi na siena ya kuchoma (kahawia mbili za udongo), zote PBr7, kwa hiyo hapa soma na jina pia
- nyekundu ya oksidi ya chuma, PR101
- nyekundu ya kadimi, PR108, tyubu ndogo
- njano ya kadimi, PY35, tyubu ndogo
- nyeusi ya mifupa, PBk9

Bluu haimo. Nyeusi ya mifupa ikichanganywa na nyeupe hutoa kijivu cha ubaridi, na kijivu hicho kikikaa kando ya kahawia yenye joto, jicho hukiona kama bluu. Nakusihi usiongeze tyubu ya bluu "ili tu iwepo".

Rembrandt alitumia nyeupe ya risasi. Usiitafute. Ni sumu, na kwa mtu anayefanyia kazi chumba kimoja na watoto haina nafasi kabisa.

Mafuta ya kitani na tapentaini. Mafuta ya kula ya kawaida hayafai. Picha itabaki ikinata. Thina ya rangi za magari na petroli pia hapana, kwa mapafu yako na kwa hatari ya moto.

Brashi sita: mbili bapa ngumu za upana wa sm 2, mbili ngumu za sm 1, na mbili laini nyembamba. Brashi ngumu za jadi hutengenezwa kwa manyoya ya nguruwe. Kwa asiyetaka kuyashika, zipo ngumu za nyuzi za kiwandani na zinafanya kazi ileile.

Ongeza kisu cha paleti (paleti ni kibao cha kuchanganyia rangi), chaki nyeupe, vipande vya boksi, matambara ya pamba, na kopo la bati lenye kifuniko na maji ndani. Kopo hilo ni la matambara yaliyotumika. Tambara lililolowa mafuta ya kitani hupata joto lenyewe linapokauka, na likikunjwa na kutupwa kwenye kona linaweza kuwaka moto bila kiberiti. Kila jioni matambara yaingie majini, kopo lifunikwe, likae nje.

## Mahali pa kufanyia kazi

Vitabu vya Ulaya vinasema "dirisha la kaskazini". Kwetu ushauri huo unapotosha. Ukiwa Dar es Salaam, jua la mchana huwa upande wa kaskazini kwa sehemu kubwa ya mwaka, hivyo dirisha hilo litakuletea mwale mkali unaotembea juu ya turubai. Chagua dirisha la kusini, na kuanzia katikati ya Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi, jua linapohamia kusini, tundika shuka jeupe dirishani. Ukiwa Nairobi au Kampala, karibu na ikweta, jua hugawana pande mbili kwa karibu nusu mwaka kila upande, kwa hiyo shuka litakuwa rafiki yako wa kudumu.

Unachotaka ni mwanga usiobadilika kwa saa tatu au nne. Fungua madirisha mengine hewa ipite.

## Hatua ya 1: Ipate picha na uisome

Jumba la Metropolitan la New York limeiachia picha hii huru kwenye tovuti yake, kwa ubora wa juu. Pakua faili kubwa kabisa. Usinakili kutoka kwenye kioo cha simu, maana mwangaza wa simu hufanya vivuli vionekane vyeupe kuliko vilivyo.

Chapisha nakala mbili: moja ya rangi, moja ya nyeusi na nyeupe. Weka ile isiyo na rangi mbele yako, fumba macho nusu, utafute makundi matatu tu: mwanga, katikati, giza. Yaandike juu ya karatasi kwa kalamu.

*Umefaulu ikiwa* unaweza kuonyesha kwa kidole mpaka wa kila kundi bila kusita. Utagundua kwamba eneo la mwanga mkali ni dogo kuliko ulivyodhani: blauzi, uso, basi. Sehemu kubwa ya picha ni kahawia iliyotulia.

## Hatua ya 2: Andaa turubai

Wamba kitambaa kwenye fremu ukianza katikati ya kila upande na kuelekea pembeni, ukivuta pande zinazotazamana kwa zamu. Ukianzia kwenye pembe, kitambaa kitapinda na utaona mawimbi.

Paka jeso mara tatu, kila mara ukibadilisha mwelekeo wa brashi, na piga msasa kidogo kati ya tabaka na tabaka. Jeso huzuia mafuta yasiingie kwenye nyuzi. Mafuta yakifika kwenye pamba, pamba huoza taratibu.

*Umefaulu ikiwa* ukigonga turubai kwa ukucha linalia, na ukipitisha kiganja hakuna vinundu.

## Hatua ya 3: Ua weupe

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayoamua kila kitu.

Changanya amba mbichi na oka kidogo, legeza kwa tapentaini bila mafuta, paka turubai zima, kisha futa kwa tambara mpaka ibaki rangi ya chai ya maziwa iliyokolea. Acha siku mbili au tatu. Amba hukauka haraka kwa sababu ina manganizi ndani yake, ndiyo maana tunaanza nayo.

Juu ya jeupe, kila rangi utakayoweka itaonekana nyeusi mno, kwa hiyo utaongeza nyeupe kila mahali bila kujijua. Juu ya kahawia ya wastani, utaona papo hapo kipi ni mwanga na kipi ni kivuli. Tena kahawia hiyohiyo itabaki wazi kwenye baadhi ya vivuli mpaka mwisho wa kazi, hutaipaka kitu.

*Onyo:* usitumie nyeusi hapa. Chini ya tabaka nyingine, nyeusi ya mifupa hukauka polepole, na kinachokauka polepole chini hupasua kilicho juu.

## Hatua ya 4: Hamisha mchoro kwa mikunjo

Kunja picha uliyochapisha katikati mara tatu kwa upana, ifungue, kisha mara tatu kwa urefu. Umepata visanduku 64 bila rula. Kwenye turubai, gawa kila ubavu sehemu nane, gongomelea misumari midogo ukingoni, na pitisha uzi. Uzi unaondoka mchoro ukiisha. Mistari ya penseli hubaki na huja kujitokeza chini ya rangi nyembamba.

Chora kwa chaki nyeupe, maana inafutika kwa tambara kavu. Anza na mistari mirefu: mteremko wa kofia, mstari wa mgongo, ukingo wa chini wa mkono wa blauzi, mkono wa kulia ulionyooka kutoa maua. Ukiridhika, pita juu ya chaki kwa brashi nyembamba yenye amba iliyolegezwa, kisha pangusa chaki.

*Umefaulu ikiwa* pembe ya paji la uso, pua na kidevu inalingana na ya karatasi. Geuza vyote viwili juu chini uvitazame. Kosa la uso hujitokeza mara moja.

## Hatua ya 5: Ijenge kwa kahawia

Kwa amba peke yake, iliyolegezwa, weka giza lote: kofia, nyuma ya mgongo, mikunjo mirefu ya nguo. Kisha chukua nyeupe iliyochanganywa na oka na kiasi kidogo cha amba, uweke mwanga kwa wembamba usoni na kwenye blauzi. Usitie rangi nyingine.

Hapa picha nzima inapaswa kusimama kwa kahawia na cheupe kilichopooza. Ikiwa bado haisimami, rangi haitaiokoa. Rudi kwenye ile nakala isiyo na rangi ulinganishe.

Acha ikauke mpaka kidole kisishike kitu. Pwani, msimu wa mvua, ongeza siku.

## Hatua ya 6: Anza nyuma, njoo mbele

Paka kwanza kilicho mbali na wewe, kisha kilicho karibu. Hivyo ndivyo alivyozoea Rembrandt, na sababu yake ni ya kifundi: kofia ikipakwa baada ya ukuta ulio nyuma yake, ukingo wake hulala juu ya ukuta na jicho linaamini kwamba iko mbele. Ukipaka ukuta mwishoni, utakuwa unazungushia kofia rangi, na mzunguko huo huonekana daima.

Ukuta wa nyuma ni amba, oka na kijivu kidogo, kwa mipigo isiyolingana. Acha mahali fulani rangi ya Hatua ya 3 ichungulie. Kofia ni amba na nyeusi ya mifupa kidogo. Usiipige nyeusi tupu.

Kuanzia hapa shika kanuni moja: kila tabaka liwe na mafuta zaidi ya lililo chini yake. Tabaka lenye mafuta mengi huendelea kujongea kwa muda mrefu linapokauka, na likiwa chini ya tabaka kavu, lile la juu hupasuka.

## Hatua ya 7: Uso na mikono

Tengeneza rundo tatu kwenye paleti kabla ya kugusa turubai: mwanga (nyeupe, oka, tone la nyekundu ya kadimi), nusu-kivuli (mwanga huohuo pamoja na nyeusi ya mifupa kidogo), na kivuli (amba na siena, bila nyeupe).

Nyeupe kwenye kivuli ndiyo inayoleta ule uchafu wa kijivu. Nyeupe ya titani huziba. Ikishaingia kwenye kivuli, mwanga haupenyi tena, na kivuli kinakuwa ukuta. Tenga brashi ya vivuli na usiiguse kwenye nyeupe hata mara moja.

Ukingo wa uso usiwe mkali kote. Tazama kwa karibu: puani na kwenye mdomo ni mkali, lakini unapoelekea shingoni unalainika na kupotea. Lainisha kwa brashi kavu wakati rangi bado mbichi. Watu wanaochora ukingo wote kwa mstari mmoja wanapata stika.

## Hatua ya 8: Mkono wa blauzi

Tenga siku nzima kwa kazi hii, na anza asubuhi.

Kwanza, kausha rangi. Kamua nyeupe nyingi juu ya kipande cha boksi, iache nusu saa. Boksi litanyonya mafuta, na rangi itabaki ngumu kiasi cha kusimama ilivyoachwa na brashi. Nyeupe ya titani inayotoka moja kwa moja kwenye tyubu hulegea na kujilaza.

Pili, changanya weupe wa aina nne. Wa kwanza una oka kwa wingi na amba, ni wa mikunjo iliyozama. Wa pili una oka kidogo na nyeusi kidogo, ni wa sehemu kubwa ya mkono. Wa tatu una oka kidogo tu. Wa nne ni nyeupe karibu tupu, na huo uufunike kwa kipande cha plastiki ili usiutumie kwa papara.

Weka wa kwanza kwa wembamba kiasi kwamba kahawia inaonekana chini yake. Kisha wa pili, kwa brashi ngumu ya sm 2, ukifuata mwelekeo wa nguo: kutoka begani inashuka, kwenye kiwiko inajikusanya, kwenye kifundo cha mkono inakaza. Mpigo mmoja, inua brashi. Mpigo mwingine, inua brashi. Usirudi juu ya mpigo uliokwisha kuupiga. Ukirudi mara tatu, kahawia ya chini na nyeupe ya juu zitachanganyika, na hapo ndipo mkono unapofia.

Wa tatu uupake nusu tu ya mahali unapotamani kuupaka. Sogea nyuma hatua nne utazame. Mkono unapaswa sasa kuwa umekuja mbele kuliko uso, ingawa bado hujagusa weupe wa nne.

Ndipo uufunue. Chukua kwa ncha ya brashi, donge la kuonekana, uliweke mahali mwanga unapogonga kwa nguvu: juu ya bega, mgongoni mwa mikunjo miwili mitatu mikubwa. Miguso sita inatosha. Ukifika kumi umezidisha. Weupe huu unang'aa kwa sababu umezungukwa na weupe uliopooza. Ukiutandaza, hauna tena cha kuushinda.

*Umefaulu ikiwa* ukitazama kwa upande, mwanga wa dirisha unashika kwenye vilima vya rangi, na ndani ya mikunjo bado unaona kahawia ya siku ya kwanza.

*Imeshindikana?* Usiongeze nyeupe. Kwangua kwa kisu cha paleti ingali mbichi, pangusa kwa tambara, rudi kwenye weupe wa kwanza. Kinachobaki baada ya kukwangua mara nyingi ni nusu-kivuli kizuri kuliko ulichokuwa umekichora, kwa hiyo usikifute chote.

## Hatua ya 9: Aproni na maua

Aproni ni oka, na njano ya kadimi kidogo sana kwenye kingo zinazopokea mwanga. Vivuli vyake ni siena na amba.

Maua yapige kwa miguso michache na uyaache. Ukichora kila petali, jicho litahama kutoka kwenye uso na mkono likakaa mapajani mwake. Sogeza karatasi yako mbali, uone jinsi Rembrandt mwenyewe alivyoyadokeza tu.

## Hatua ya 10: Koleza vivuli

Subiri wiki mbili au zaidi. Ule mkono wa rangi nzito utakuwa umekauka juu tu, kwa hiyo usiubonyeze.

Changanya amba, siena na mafuta ya kitani, ipitishe kwa wembamba juu ya vivuli vya nguo, chini ya kofia, na kwenye mikunjo mirefu. Futa ziada kwa tambara. Rangi hii ni ya kupenyeza mwanga: unaingia, unagonga tabaka la chini, unarudi ukiwa na joto. Giza la namna hiyo huwezi kulipata kwa nyeusi ya tyubu.

Kabla ya kula, nawa mikono kwa sabuni, hasa ulipotumia rangi za kadimi.

## Hatua ya 11: Kukausha, vanishi, na maandishi ya nyuma

Itundike mahali penye hewa na mwanga wa kawaida kwa miezi sita, na mwaka mzima ikiwa mkono wa blauzi ni mnene sana. Usiifungie kabatini, gizani mafuta ya kitani hugeuka manjano, na kwenye unyevu wa pwani turubai huota ukungu kwa nyuma.

Vanishi paka siku kavu, dirisha likiwa wazi, picha ikiwa imelazwa. Unyevu ukinaswa chini ya vanishi, kofia na ukuta wa nyuma vitafunikwa na utando mweupe, na kazi yote ya vivuli itapotea machoni.

Mbele usitie sahihi ya Rembrandt, hata kwa kujifunza. Geuza turubai, uandike kwa wino usiofutika: "Nakala ya Flora ya Rembrandt", jina lako, mwaka, na orodha ya rangi ulizotumia pamoja na namba zake. Orodha hiyo utaihitaji siku utakapotaka kuirekebisha, au yeyote atakayeitunza baada yako.